Mwanafunzi wa Kila Mwaka: Uchambuzi wa Kisa cha Mtu Aliyepunguza Shughuli Zake

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanamume niliyemhudumia kama mshauri nasaha mjini Kampala kwa muda wa miezi 16. Ameniruhusu kukiandika ili kiwafae washauri wenzangu na yeyote anayejikuta katika hali kama yake. Nimeondoa jina lake, la mtaa wake, la mwajiri na la mwalimu wake wa muziki, na nimebadilisha mambo machache ya familia. Humu nitamwita Bwana K.

Usuli

Bwana K. alikuwa na umri wa miaka 37 alipokuja kwangu mara ya kwanza. Alizaliwa katika mji wa mpakani mashariki mwa Uganda, ambako Kiswahili husemwa sokoni na, katika nyumba yao, hata mezani. Ameajiriwa na kampuni ya uwakala wa forodha, na kazi yake ni kuandaa hati za mizigo inayoingia kwa malori kutoka Mombasa. Ana mke na watoto wawili. Hakuwa na deni la kumkosesha usingizi, hakuwa mlevi, na ndoa yake ilikuwa imara. Nilipomuuliza kilichomleta, alijibu kwa sentensi moja ambayo niliiandika palepale: "Mwalimu, nina mambo mengi ninayoyapenda, lakini hakuna hata moja linalonishibisha."

Mambo hayo yalikuwa saba. Kupiga picha alikuwa amekuanza zamani kidogo, alipopata mshahara wake wa kwanza wa maana. Gitaa, Kifaransa na uandishi wa programu za kompyuta viliingia wakati wa korona, kuanzia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa karibu miaka miwili na amri ya kutotoka nje usiku ikawafanya watu wa mjini wazoee kujifunza kwa simu. Mbio alijiunga nazo baada ya Joshua Cheptegei kushinda dhahabu ya mita 5,000 huko Tokyo mwaka 2021, akawa anakimbia kila Jumamosi alfajiri pamoja na kikundi cha watu wa mtaani kwake. Mizinga mitano ya nyuki aliirithi katika shamba la marehemu baba yake, mwendo wa saa kadhaa kwa basi kutoka Kampala. La mwisho lilikuwa amadinda, marimba ya Kiganda yenye vibao 12, ambayo alianza kujifunza kwa mzee mmoja jirani baada ya kusikia sauti yake ikivuka ukuta jioni.

Orodha hiyo ikisomwa haraka inapendeza, na marafiki zake walimsifu kuwa ni mtu wa vipaji vingi. Mkewe ndiye aliyeliona jambo mapema kuliko sote. Alikuwa amemwambia, bila hasira yoyote, "Baba watoto, kila mwaka tunanunua kitu kipya, na kila mwaka wewe ni mwanafunzi." Bwana K. aliyakariri maneno hayo mbele yangu mara tatu katika kikao cha kwanza, nami nikaelewa kwamba yalikuwa yamemchoma.

Mtiririko wa matukio

Maelezo mepesi yangekuwa kwamba Bwana K. ni mvivu au hana msimamo. Niliyakataa mapema, kwa sababu mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili afanye mazoezi ya Kifaransa kabla ya kwenda kazini hawezi kuitwa mvivu kwa haki. Kila shughuli aliianza kwa bidii ya kweli. Kilichojirudia ni kwamba bidii hiyo ilidumu miezi mitatu au minne, yaani kipindi kile ambacho mwanafunzi mpya huona maendeleo kila wiki, na mara maendeleo yalipoanza kwenda polepole, macho yake yaliangukia jambo jingine. Alikuwa kama mtu anayeonja vyungu saba jikoni na kutoka bila kupakuliwa.

Sikumwambia aache chochote katika wiki za mwanzo. Nilimpa daftari na kumwomba, kwa wiki nane, aandike kila siku ni shughuli gani aliigusa, kwa muda gani, na ni nini kilichomwita kuigusa. Alipolirudisha tuliliona wazi jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia. Alikuwa akitumia takriban saa tisa kwa wiki, muda ambao si haba kwa mtu mwenye kazi na watoto, lakini karibu theluthi ya muda huo ilikwenda katika kutazama video za watu wengine wakieleza vifaa vya kununua. Sehemu nyingine kubwa iliishia katika kuanza upya: kutafuta alipoishia, kukumbuka nyuzi za gitaa, kurudia somo la Kifaransa alilokwisha kulisoma mara mbili.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kisa hiki. Nilimwomba aandike, kwa kila shughuli, maswali matatu yaliyomjia kutokana na kuifanya, si kutokana na kusoma au kusikia habari zake. Nilimpa wiki moja. Alirudi na karatasi iliyojaa upande mmoja na yenye mapengo upande mwingine.

Maswali yake yote matatu ya upigaji picha yalihusu lenzi gani inafaa kununuliwa. Ya gitaa yalifanana na hayo. Ya Kifaransa yalihusu mtihani, na ya programu yalihusu kiasi cha pesa ambacho mtu anaweza kulipwa. Kuhusu nyuki aliuliza kwa nini kundi moja lilihama ilhali mzinga wa jirani yake, chini ya mti uleule, ulijaa. Kwa nini siafu walipita kwenye nguzo mbili tu. Na kwa nini asali ya msimu mmoja ilikuwa nyeusi kuliko ya msimu mwingine. Kuhusu amadinda aliandika swali moja, kisha akaliandika tena kwa maneno mengine, kana kwamba hakuliamini: "Kwa nini ninasikia sauti ambazo mimi sizipigi wala mzee hazipigi?" Kuhusu mbio hakuandika swali lolote. Mahali pa maswali aliandika majina ya watu wanne.

Maamuzi na sababu zake

Tuliamua mambo manne. La kwanza ni kwamba shughuli zitakazowekwa kando zitawekwa kando kwa miezi sita, wala hatutatamka neno "kuacha kabisa". Sababu yake ni kwamba mtu anayependa mambo mengi huomboleza anapoyaacha, na maombolezo hayo, yasipopewa mahali, humrudisha katika jambo lilelile kwa mlango wa nyuma. Miezi sita ilitosha kuonyesha tofauti, na ilikuwa mifupi kiasi cha kutomtia hofu.

La pili ni kwamba vifaa vitoke nyumbani. Kamera alimwazima mpwa wake anayepiga picha za harusi, na gitaa likapelekwa kanisani kwao, ambako vijana walikuwa wakipokezana moja lililokatika nyuzi. Alinieleza kwamba siku alipolikabidhi gitaa alihisi aibu zaidi ya huzuni, kwa sababu kijana aliyelipokea alipiga wimbo mzima papo hapo, ilhali yeye katika miaka mitatu hakuwahi kufika mwisho wa wimbo wowote.

La tatu ni kwamba abaki na amadinda na nyuki, kwa kuwa ni hizo mbili tu zilizokuwa zimemzalia maswali yake mwenyewe. Sikumuuliza ni ipi inayompa raha zaidi kwa wakati ule. Swali hilo lingetudanganya, kwa sababu shughuli mpya karibu daima hushinda shindano la raha.

La nne lilikuwa kuweka kando mbio. Hapa nakiri kwamba uamuzi ulikuwa wangu zaidi kuliko wake. Alisita na kuuliza, "Mwalimu, hata mbio?" Nikamjibu kwamba shughuli isiyo na swali hata moja haijaota mizizi, na kwamba asubuhi ya Jumamosi ingempa saa mbili za mazoezi ya marimba. Alikubali kwa heshima, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ridhaa. Majina manne yalikuwa yameandikwa pale, mbele ya macho yangu.

Matokeo: marimba

Ili msomaji aelewe kilichotokea kwa Bwana K., lazima nieleze kidogo jinsi amadinda inavyopigwa. Vibao 12 vya mti wa lusambya hulazwa juu ya mashina mawili ya migomba yaliyokatwa upya, na kutenganishwa kwa vijiti vilivyochomekwa katika mashina hayo. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza, aitwaye omunazi, huanza kwa mwendo ulio sawasawa. Wa pili, omwawuzi, huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, ili pigo la huyu lianguke daima katika pengo la yule. Wote wawili hupiga kwa mikono miwili vibao vyenye noti ileile, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Wa tatu, omukoonezi, hushika vibao viwili tu vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa kutokana na mapigo ya wale wawili kwa pamoja, na kuzirudia juu. Muundo anaoupiga haumo katika mikono ya omunazi peke yake, wala katika mikono ya omwawuzi peke yake. Huzaliwa pale mapigo yao yanapofumana kwa kasi, na asiye na sikio lililozoea hausikii kabisa.

Mzee aliyemfundisha Bwana K. alijifunza utotoni kwa mjomba wake. Ni wa kizazi kilichoshuhudia kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo ikishambuliwa mwaka 1966, falme zikifutwa mwaka uliofuata, na wapigaji wa kasri wakitawanyika, kila mmoja na nyimbo zake kichwani. Baadhi yao, kama Evaristo Muyinda, walifundisha watu wengi na kwa juhudi zao mengi yakaokolewa. Ufalme wa Buganda wenyewe ulirejeshwa mwaka 1993. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza tabia ya mzee. Hakuwa na haja ya wanafunzi wengi. Alitaka mtu atakayerudi kesho, kwa kuwa wimbo uliofundishwa nusu, kwake, ulikuwa umepotea kama uliokufa na mwenye kuujua.

Kwa miezi minne Bwana K. alipiga sehemu ya omunazi ya wimbo mmoja tu. Kila alipofikiri ameuweza, mzee alipunguza kasi. Kabla ya kila somo alitakiwa kwenda kukata mashina ya migomba mwenyewe, na utomvu wake ukampaka shati mbili madoa yasiyotoka. Shati moja alikuja nalo katika kikao chetu, akanionyesha mkono wake wa kushoto wenye mistari ya kahawia, akicheka kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akicheka. Katika mwezi wa tatu alichoka vibaya. Daftari la wiki hiyo lina mstari mmoja: "Leo sikutaka kwenda. Nilikwenda." Hapo ndipo zamani angefungua simu na kutafuta jambo la nane.

Mwezi wa tano mzee alimhamishia upande wa omwawuzi, na ugumu wote ukaanza upya, kwa sababu kila mpigaji huyahisi mapigo yake kuwa ndiyo msingi, na kuingia katika pengo la mwenzake huku masikio yakikuvuta umfuate ni kama kutembea kinyume cha umati. Kisha, jioni moja ya mwezi wa saba, mjukuu wa mzee alikuwa omunazi na Bwana K. omwawuzi. Mzee alisogeza kiti hadi mwisho wa marimba, akachukua vijiti viwili vidogo, akakaa kimya kwa muda mrefu huku wao wakiendelea. Alipoanza kupiga vile vibao viwili vya juu, Bwana K. alitambua kwamba sauti anazozitoa ni zilezile alizoziandika katika karatasi ya maswali, sauti ambazo hakuna aliyezipiga. Alipotea hapohapo na kusimama. Mzee hakumkemea. Alimuuliza tu, "Umezisikia, kijana wangu?" Akajibu, "Nimezisikia, mzee." Mzee akasema, "Basi anza tena."

Alinisimulia tukio hilo siku mbili baadaye, na alilazimika kunyamaza katikati ya maelezo. Nimekuwa katika kazi hii kwa miaka mingi, na si mara nyingi nimemwona mtu mzima akitokwa na machozi kwa ajili ya jambo jema.

Matokeo: nyuki na mbio

Nyuki hawakufaulu. Bwana K. aliweza kwenda shambani mara moja kila baada ya miezi miwili. Nyuki kibarua huchukua takriban siku 20 tangu yai kutagwa hadi kutoka kwenye sega akiwa mzima, kwa hiyo mfugaji anayefika kila baada ya siku 60 hukuta karibu vizazi vitatu vimepita bila yeye kuviona, na swali alilokuja nalo huwa limekwisha kufa. Nyuki wetu wa Afrika nao huhama kwa urahisi wanaposumbuliwa au chakula kinapopungua. Safari moja alikuta mizinga miwili mitupu, masega yake yameliwa na viwavi wa nondo wa nta. Mwezi wa nane aliikabidhi mizinga yote kwa mdogo wake anayeishi palepale shambani. Sasa mdogo wake ndiye anayerina, na Bwana K. hupelekewa asali.

Kuhusu mbio, miezi mitatu baada ya kuziweka kando alianza kulalamika kwamba mwisho wa wiki umekuwa mrefu. Mwanzoni nilidhani ni maombolezo yale niliyoyatarajia. Haikuwa hivyo. Mmoja wa wale wanne alikuwa amefiwa na mama yake, na Bwana K. alipata habari baada ya mazishi. Alisema, "Mwalimu, miaka yote hiyo sikuwa ninakwenda kukimbia. Nilikuwa ninakwenda kwa watu." Wiki hiyohiyo alirudi kikundini, nami nikamwomba radhi.

Tulipomaliza vikao, katika mwezi wa 16, alikuwa akipiga sehemu zote mbili za nyimbo tano na ameanza kufundishwa kazi ya omukoonezi. Kamera aliirudishiwa na hakuitoa kabatini. Kifaransa na programu hakuvigusa tena wala hakuvizungumzia. Neno "kushiba" alilitumia mara moja bila kuulizwa, alipokuwa akieleza jinsi anavyorudi nyumbani baada ya somo.

Uchambuzi

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na watu wengi hukisoma kisa kama hiki kwa methali hiyo. Nadhani haitoshi. Kwa Bwana K. hakuna kilichomponyoka, vyote saba vilikuwa mkononi kwa miaka, na tabu yake ilikuwa kwamba hakuna alichokishika kwa nguvu ya kutosha kukijua. Furaha ya mwanzo aliyokuwa akiipata katika kila shughuli ilikuwa ya kweli, wala sipendi kuidharau, lakini ni furaha ileile inayojirudia kwa majina tofauti. Ile aliyoipata katika mwezi wa saba hakuweza kuiona akiwa katika mwezi wa kwanza, kwa sababu sikio la kuisikia lilikuwa halijaumbika. Ndiyo maana kumuuliza mtu kama huyu "unapenda nini zaidi?" hakumsaidii: anachagua kati ya mambo ambayo sehemu yake bora bado haijamfikia.

Karatasi ya maswali ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Maswali ya kununua, ya mtihani na ya malipo yanatoka nje ya shughuli. Maswali ya Bwana K. kuhusu siafu na sauti zisizopigwa yalitoka ndani yake. Hata hivyo kisa cha nyuki kinaonyesha mpaka wa kipimo hiki. Mtu anaweza kuwa na maswali mazuri juu ya jambo ambalo maisha yake hayamruhusu kulikaribia mara kwa mara. Ningepaswa kuuliza umbali na nauli kabla ya kuuliza mapenzi. Amadinda ilikuwa ng'ambo ya ukuta, na ninaamini kwamba ukaribu huo, pamoja na mzee aliyekuwa akimtarajia, ulimfikisha mbali kuliko nia yake peke yake.

Kuviondoa vifaa nyumbani kulisaidia, na kipindi cha miezi sita pia. Mkewe alisaidia kwa namna ambayo haikuonekana katika mpango wetu: kuanzia mwezi wa pili alikataa kupanga wageni siku za somo, na hakuwahi kulitaja tena lile neno la "mwanafunzi".

Lazima niseme pia kisa hiki kisitumiwe kwa nani. Kampala imejaa watu wanaofanya kazi tatu kwa siku moja, mwalimu asubuhi, mfanyabiashara mchana, dereva wa boda usiku, na wanafanya hivyo ili watoto wale. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze shughuli zake ni kumkosea. Vilevile kijana wa miaka 20 anahitaji kuonja vyungu vingi, maana hajui bado jikoni kuna nini. Bwana K. alikuwa ameonja kwa miaka kumi na zaidi.

Kosa langu kubwa lilikuwa mbio. Nilikuwa na kipimo kizuri nikakitumia mahali ambapo hakikuhusika. Urafiki hauzai maswali, nao haupimwi kwa kina cha ujuzi, na mtu mwenye kawaida ya kukubali kwa heshima hatakupinga unapoukata kwa jina jingine. Tangu wakati huo nimebadilisha karatasi ninayowapa watu. Mbali na safu tatu za maswali ina safu ya nne, ambamo kila shughuli huandikiwa jina la mtu atakayeuliza umekwenda wapi usipoonekana, na safu hiyo huisoma kwanza.